Tuulize Ujenzi: Wakituwekea ghorofa, biashara zetu zitakaa wapi?

Wapendwa wasomaji, tangu tuwaahidi kwamba toleo hili tutajibu maswali ya majengo yanayojali watu na mazingira mjini, meseji zimemiminika kweli kweli, asanteni sana. Nimechagua yale yaliyokuwa yanajirudia, mengine nimeyafupisha kidogo, na kama swali lako hulioni soma majibu yote, huenda lako limejibiwa ndani ya la mwenzio.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Tumeitwa kikao na serikali ya mtaa tukaambiwa eneo letu litaboreshwa, tutajengewa maghorofa ya kisasa. Watu walishangilia ila mimi moyo hauna raha. Maisha yangu yote ni pale barazani kwangu, asubuhi vitumbua na chapati, jioni samaki na mihogo, na chumba cha uani nimepangisha. Ukinipandisha ghorofa ya nne nitamuuzia nani? Nikisema naonekana napinga maendeleo. – Mama wa vitumbua, Dar es Salaam

JIBU: Salama dada yangu, pole na mawazo. Kwanza hupingi maendeleo, wewe umeuliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa kabla mtu hajashika penseli. Nyumba ya mtu wa kipato cha chini mjini siyo sehemu ya kulala tu, ni duka, ni jiko la biashara, ni stoo, ni kile chumba cha kupangisha kinacholipa ada ya mtoto. Ukimpa mtu kuta nzuri zenye vigae alafu ukamnyang'anya baraza, umemkata mshahara.

Ngoja nikupe habari ya Iquique, mji wa kaskazini mwa Chile kule Amerika ya Kusini, jangwani kando ya bahari. Katikati ya mji kulikuwa na eneo la nusu hekta linaitwa Quinta Monroy, familia kama 100 zilivamia zikakaa pale miaka 30. Serikali ikaamua kuwajengea palepale badala ya kuwatupa nje ya mji, ila ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na ndani ya hiyo hiyo ununue ardhi, uvute maji, ujenge na nyumba. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi yake ya usanifu, Elemental, wakapiga hesabu, nyumba za chini moja moja hazitoshi kwenye kiwanja, ghorofa zinatosha, lakini wenyeji waliposikia ghorofa wakatishia kugoma kula kabisa, kwa sababu kwenye ghorofa huwezi kuongeza chumba. Unaona, sababu yao inafanana kabisa na ya kwako.

Ndo wakafikiri hivi: hela hii inatosha nusu ya nyumba nzuri, sasa tujenge nusu ipi? Wakajenga ile nusu ambayo familia ikiachwa peke yake haiiwezi, yaani msingi, kuta kuu, ngazi, paa, jiko, bafu na mabomba, vyote kwa vipimo vya nyumba kubwa itakayokuja. Pembeni wakaacha uwazi, familia ijaze yenyewe kadiri hela inavyopatikana. Nyumba zikapangwa kuzunguka nyua, kila ua familia kama 20, watu wanaofahamiana. Zilikamilika 2004, nyumba ikianza na mita za mraba 36 hivi na ikijazwa inavuka 70. Picha za siku ya kwanza unaona kuta za kijivu na mapengo, picha za baadae kila pengo lina rangi yake na madirisha yake. Mwaka 2016 Aravena akapewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote ya usanifu, na Elemental wakaweka michoro ya miradi yao minne ya namna hiyo mtandaoni bure, fundi yeyote duniani anaichukua.

Wapo wanaosema huko ni kumpa maskini nusu nyumba na kumwachia mzigo. Hoja naielewa, na ni kweli serikali ikijenga nusu mbovu basi imewaonea watu. Ila tuangalie sisi tunavojenga, nani hapa Dar amejenga kwa mkupuo? Tofali mia leo, msingi mwakani, mwaka mwingine lenta, unahamia madirisha bado ni mabati, na nyumba inaisha watoto wameshakuwa wakubwa. Kujijengea kidogo kidogo tunakuweza vizuri mno. Tunapokwama ni kwenye maji taka, mtaro, barabara ya gari la zimamoto, msingi unaovumilia mafuriko na karatasi ya umiliki, na hapo ndipo hela ya mradi na akili za msanifu zinatakiwa ziende, maana mama mwenye beseni la vitumbua hawezi kujichimbia bomba la maji taka la mtaa mzima hata ajitahidi vipi.

Mfano wa nyumbani unao, Magomeni Kota. Kaya 644 za kota za zamani, nyumba zikabomolewa, watu wakasubiri miaka mingi mpaka 2022 Rais Samia alipozindua maghorofa mapya. Kwangu mimi kitu kikubwa pale siyo lifti, ni kwamba watu wamerudishwa Magomeni yao, shule ziko pale, mwendokasi uko pale, wateja wako pale. Linganisha na Chamazi. Watu walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji ambao fidia haikuwagusa, walijiunga kwenye shirikisho la maskini wa mjini wakisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakafyatua tofali wenyewe, akina mama mstari wa mbele. Kazi ile naiheshimu sana, kwa umoja walioonyesha na kwa ubora wa nyumba, lakini ukweli ni kwamba Chamazi ni mbali, na aliyekuwa anakwenda kibaruani bandarini kwa miguu sasa kila siku ni nauli. Nyumba nzuri mahali pasipo na riziki bado ni tatizo.

Kwa hiyo kikao kijacho usisimame kusema sitaki ghorofa. Uliza vyumba vya chini vinavyotazama barabara wamepangiwa nani, na kama wafanyabiashara wa mtaa wanaanzwa wao au vinakwenda kwa mwenye hela, uliza hela ya pampu, lifti na usafi kwa mwezi ni ngapi na nani anailipa, uliza mpangaji wako wa uani anahesabiwa au anaachwa, uliza mkiwa mnasubiri ujenzi kodi ya kule mtakapokwenda inalipwa na nani kwa muda gani, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari na mpewe nakala. Nendeni wengi, mama ntilie, fundi cherehani, muuza mkaa, maana mkisema kwa pamoja hakuna wa kuwaita wapinga maendeleo.

SWALI: Shikamoo. Nasoma usanifu majengo mwaka wa pili. Kila jengo endelevu tunaloonyeshwa ni la Ulaya au Singapore, vioo, sola juu, bustani zinaning'inia ukutani. Hivi kweli sisi hatuna la kuonyesha? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Panda daladala nenda Soko la Kariakoo, ingia ndani, inua kichwa.

Utaona nguzo za zege zimepanda juu zikafunguka, kila moja kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Mvua ikinyesha maji yanatiririka kuelekea katikati ya kila mwavuli, yanashuka, yanakusanywa kwenye matangi chini. Kati ya mwavuli na mwavuli mwanga unaingia, pembeni kuko wazi upepo unapita, joto na harufu ya samaki na vitunguu vinapanda vinatoka. Soko la chakula adui zake wawili ni joto na harufu, na pale vyote vimeshughulikiwa kwa umbo la jengo bila mashine hata moja. Chini kuna shimoni, mizigo ya jumla inashukia huko. Aliyechora ni Beda Amuli, Mtanzania, miaka ya mwanzo ya 1970, wakati ule wasanifu Waafrika nchini walikuwa wanahesabika kwa vidole, na hilo neno endelevu tunaloimba leo hakuna aliyekuwa analisema. Yeye aliangalia mvua ya Dar, jua la Dar na namna mwanamke wa Kariakoo anavopanga nyanya mafungu mafungu, akachora.

Julai 2021 soko liliungua, wengi wetu tuliumia sana, wafanyabiashara wale walipoteza mitaji ya maisha yao. Baadae serikali ikaamua jengo la zamani likarabatiwe na pembeni lijengwe jipya, na mimi nilishukuru mno halikubomolewa, kwa sababu ya heshima ya Amuli na kwa sababu nyingine ambayo wewe kama mwanafunzi unatakiwa uiweke kichwani mapema. Saruji peke yake inachangia asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Jengo ambalo tayari limesimama, saruji yake ilishachomwa zamani. Ukilibomoa ukajenga jipya lenye sola juu, hiyo sola itafanya kazi miaka mingi kufidia tu ule ubomoaji.

Hapo ndo nitakurudisha Ulaya kidogo, ila kwa wasanifu wawili waliojifunza Afrika. Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wa Ufaransa, Vassal alifanya kazi Niger miaka ya 1980 na wenyewe wanasema kule ndiko walikojifunza kufanya mengi kwa kidogo. Pale Bordeaux, mtaa wa Grand Parc, kulikuwa na maghorofa matatu ya kodi nafuu ya miaka ya 1960, nyumba 530, yamechoka, madirisha madogo, na kubomolewa kulishazungumzwa. Wao na wenzao wakasema hatubomoi. Wakasimamisha mbele ya jengo muundo mpya unaojitegemea, wakatoa ule ukuta wa madirisha madogo wakaweka milango ya vioo, kila nyumba ikapata sebule ya nje ya upana wa mita 3.8, baridi ikija inafungwa inakuwa joto, kiangazi inafunguliwa. Wapangaji hawakuhamishwa kazi ikiendelea na kodi haikupanda. Fikiria bibi wa miaka themanini anaamka kwenye kitanda chake kilekile, ila sasa ana mahali pa kuweka kiti na maua. Mradi ulishinda tuzo ya usanifu ya Ulaya, Mies van der Rohe, 2019 na wao wawili wakapata Pritzker 2021.

Kwa hiyo kazi yako ya mwaka wa mwisho usikimbilie mnara. Chukua ghorofa moja la miaka ya sitini pale Upanga au Ilala, au nenda Zanzibar uangalie yale majumba ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kaa na wanaoishi humo, waulize wanaanika wapi, watoto wanacheza wapi, wazee wanapiga soga wapi maana Mji Mkongwe nyumba nyingi zina baraza ya mawe na kule juu hakuna. Alafu chora kitu cha kuongeza, bila kumhamisha mtu hata mmoja.

SWALI: Nyumba yangu Mbagala bati tupu, saa nane mchana hakukaliki, feni linapuliza moto. AC siwezi na umeme wenyewe bei. Nifanyeje bila kubomoa? – Baba wawili

JIBU: Pole kaka. Kwetu hapa jua la mchana linakaa juu ya kichwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo paa ndo linakupiga kuliko ukuta. Msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kushinda Pritzker, 2022, alianza na shule ya msingi ya kijijini kwao Gando mwaka 2001, akaweka dari ya matofali juu ya madarasa, alafu bati akalinyanyua juu kabisa likae peke yake, katikati upepo unapita. Bati linawaka lakini joto lake linachukuliwa na upepo kabla halijamfikia mtoto.

Wewe hapo anza na dari, hata ya mbao nyepesi au silingi bodi, ila muhimu uache matundu ya hewa pande mbili chini ya paa, yawekee wavu wa mbu na wa popo. Dari bila matundu inafungia joto usiku kucha. Bati lipake rangi nyeupe ya paa, ni kazi ya siku moja na tofauti utaisikia wiki hiyohiyo. Kisha angalia madirisha, upepo wa kusi na wa kaskazi unavuma kwa misimu tofauti, chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipati wowote kati ya hizo, toboa upande wa pili hata kwa tofali za matundu. Upande wa magharibi weka kivuli, mti au ubao wa kuning'iniza, jua la saa kumi linaingia limelala na ndo linachemsha ukuta mpaka usiku. Na fensi ndefu ya tofali iliyobana nyumba inazuia upepo wote, kama ndo unajenga sa hivi acha matundu.

SWALI: Sasa mwandishi, sisi ni youth group hapa Kibera. Kuna mahali kando ya mto watu hutupa takataka, tunataka kupasafisha tuweke park, benchi na michoro kwa ukuta. Tuanzie wapi ndio isikufe baada ya mwaka moja? – Vijana wa Kibera, Nairobi

JIBU: Vijana wangu hongereni, na hilo swali lenu la mwisho ndo lenyewe. Mnao majirani wa kujifunza kwao hapo hapo. Shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative wamekuwa Kibera tangu 2006, na utaratibu wao ni kwamba wakazi ndio wanaochagua mahali, wanachora pamoja, wanajenga pamoja, na kila uwanja unakuwa na kitu kinacholeta pesa ya kujiendesha, vyoo na mabafu, kioski cha maji, ukumbi, bustani. Benchi na michoro vinapendeza ila havinunui fagio. Choo kisafi kinachotozwa pesa kidogo kinanunua fagio, sabuni, na kumlipa mtu wa zamu.

Pia tembeleeni zile baiosenta za Umande Trust kama ya Katwekera. Jengo la mviringo, chini vyoo, uchafu unakwenda kwenye tangi la chini unatoa gesi, watu wanapikia, na ghorofa ya juu ni chumba cha kukodisha. Kinyesi kilichokuwa kinarushwa kwa mifuko usiku sasa kinachemsha chai. Huo ni usanifu wa hali ya juu na mimi nauweka mbele ya minara mingi tu.

Tahadhari mbili. Moja, kando ya mto ni ardhi ya hatari kisheria, mliona baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilivobomoa nyumba za kando ya mito Nairobi, hivyo kabla hamjamwaga zege ongeeni na chifu, kaunti na wenye vibanda vinavyopakana, mpate barua. Karibu na maji wekeni vitu vinavyovumilia kuloa, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), miti, kiwanja cha mpira, na vyoo viwe juu zaidi. Pili, msijenge kwa ajili ya picha. Makoko kule Lagos, mwaka 2013 msanifu Kunlé Adeyemi alijenga shule inayoelea juu ya mapipa ya plastiki, wazo zuri sana kwa watu wanaoishi juu ya maji, picha zilizunguka dunia nzima, Juni 2016 ikaporomoka kwenye mvua kubwa. Bahati nzuri wanafunzi walikuwa wameshahamishwa. Kwa hiyo kwenye bajeti yenu ya kwanza, kabla ya rangi, andikeni nani anakagua kila mwezi, nani anashika ufunguo, pesa ya choo inaingia akaunti gani na nani wanasaini. Hakikisheni wasichana wako kwenye kamati, wao ndio wanaojua taa inatakiwa iwe wapi usiku.

SWALI: Usanifu wa kijamii lazima uwe jengo? Watoto wetu wanagongwa na bodaboda mbele ya shule kila mara. – Mzazi

JIBU: Hapana mzazi mwenzangu, na pole sana. Dar es Salaam ilishaonyesha dunia njia kwenye hilo, mpango wa SARSAI, wa usalama wa barabara zinazozunguka shule, wa shirika la Amend ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross 2019. Walichofanya hakina makuu, matuta, kivuko, njia ya miguu iliyotenganishwa na gari, vibao, na pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Anzeni na hilo geti, linaweza kuwa la bei ndogo kuliko yote. Kamati ya shule iandike barua kwa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani, mkiambatanisha tarehe za ajali.

SWALI: Tofali za udongo za intaloki zinafaa Dodoma au ni za watu wasio na hela? – Fundi mdogo

JIBU: Zinafaa kabisa. Hazichomwi kwa kuni, zinashikana zenyewe hivyo chokaa na saruji ya kuungia unaokoa, na ukuta wake mchana hauchemki haraka. Tafuta mahali wenye mashine wanapofundisha, nenda. Zikiharibika mara nyingi ni udongo mbaya au haraka ya fundi. Jaribu hivi, jaza chupa robo tatu, nusu udongo nusu maji, chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu na mfinyanzi usizidi robo, udongo wako ni mzuri. Mfinyanzi ukizidi ongeza mchanga, la sivyo tofali litapasuka likikauka. Saruji sehemu moja kwa udongo kumi na mbili mpaka kumi na tano, na ukishafyatua funika kwa nailoni kivulini, mwagia maji kila siku wiki nzima, usianze kujenga kabla siku 28 hazijaisha hata kama mwenye nyumba anakupigia simu kila asubuhi.